Mkojo wa sungura unaongeza mchicha kweli? Mwongozo kamili wa kupima dai kwa jaribio

Ukizunguka mabanda ya Nane Nane kwenye viwanja vya Themi, Njiro, jijini Arusha, si ajabu kukuta meza yenye madumu ya mkojo wa sungura, na ukirudi Moshi habari zake utazisikia sokoni na kwenye vikundi vya wakulima. Muuzaji ana picha mbili kwenye simu. Upande mmoja mboga zimedumaa, upande wa pili zimenawiri, na anakuambia kilichozitofautisha ni dumu hilo mbele yako. Huenda anasema kweli. Mkojo wa mnyama una naitrojeni, na mboga za majani huipenda naitrojeni. Lakini picha hazikuambii mboga zile zilipandwa lini, kwenye udongo gani, nani alizimwagilia, wala zilipigwa picha ngapi kabla ya hizo mbili kuchaguliwa.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kihamba (shamba la nyumbani la mlimani Kilimanjaro) kidogo upande wa Kibosho, Old Moshi au Marangu, wa mwalimu mwenye klabu ya sayansi, na wa kikundi cha wakulima wa mboga wanaotaka kujua kabla ya kuchanga fedha. Tutalipima dai moja tangu mwanzo hadi jibu. Mchicha unafaa kwa kazi hii kwa sababu unavunwa ndani ya mwezi, mbegu zake ni bei ya chini, na hata ukishindwa unabaki na mboga.

Msimamo wangu niuseme mapema: jaribio huharibika au hufaulu kabla mbegu haijaingia ardhini. Jambo lolote utakaloliacha uliamue baada ya kuona mimea, matumaini yako ndiyo yatakayoliamua.

Hatua ya 1: Lipe dai nafasi ya kushindwa

"Mkojo wa sungura ni mzuri kwa mboga" ni kauli isiyoweza kushindwa. Mboga zikistawi, ni mkojo. Zisipostawi, mvua ilizidi, au ulichanganya vibaya, au sungura walilishwa majani mabaya. Kauli inayokubaliana na kila matokeo haina habari ndani yake.

Sasa soma hii: "Mchicha wa tuta la mita 1 kwa mita 1, likimwagiwa lita 2 za mchanganyiko wa mkojo (lita 1 ya mkojo kwa lita 10 za maji) siku ya 9, ya 16 na ya 23 tangu kusia, utakuwa na uzito mkubwa siku ya 30 kuliko mchicha wa tuta lililomwagiwa lita 2 za maji matupu siku hizohizo." Ni ndefu na haina utamu, ila ina kila kitu: tunabadilisha nini, tunapima nini, lini, na tunalinganisha na nini. Hiyo ndiyo nadharia tete. Kipimo cha kuchanganyia nimekiweka kwa mfano; wewe tumia kile anachoelekeza muuzaji, maana dai ni lake, na ukitumia kipimo chako atakuwa na pa kutokea.

Hapa mantiki inaingia, na inafaa kuituliza kichwani kabla ya kushika jembe. Chukua kauli hii: usiku ikinyesha, shamba hulowa. Asubuhi unakuta shamba limelowa. Je, ilinyesha? Mtu aliyekulia mlimani hawezi kujibu haraka, kwa sababu huenda jirani wa juu alifungulia mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia. Kulowa hakuthibitishi mvua. Geuza sasa: shamba ni kavu kabisa. Hapo unaweza kusema bila wasiwasi kwamba haikunyesha. Njia ya pili imekaza, ya kwanza imelegea, na watu wengi hubishana maisha yao yote kwa kutumia ile iliyolegea. "Mkojo ukifanya kazi, mchicha utastawi, mchicha umestawi, kwa hiyo mkojo umefanya kazi." Umeuona mfongo?

Kwa hiyo kupanga jaribio ni kuifunga mifongo mmoja baada ya mwingine, mpaka kulowa kwa shamba kusibakiwe na sababu nyingine ya maana ila mvua. Huwezi kuifunga yote. Ile mikubwa inafungika.

Ukitaka kuona jinsi akili zetu zinavyopenda njia iliyolegea, cheza mchezo huu na watoto jioni. Mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason aliuchapisha mwaka 1960. Waambie una kanuni ya siri inayopanga namba tatu, na kwamba 2, 4, 6 inaifuata. Kazi yao ni kukutajia namba tatu nyingine, nawe uwajibu "ndiyo" au "hapana", mpaka wawe na hakika ya kanuni. Wengi watataja 8, 10, 12, kisha 20, 22, 24, halafu watangaze kwa ushindi: "Unaongeza mbilimbili!" Kanuni ya siri ni namba zinazopanda tu, zozote zile. Aliyejaribu 1, 2, 3 au 5, 17, 90 angeigundua mapema, lakini ni wachache wanaojaribu kitu wanachodhani kitakataliwa.

Hatua ya 2: Weka cha kulinganishia, tena kilicho sawa

Kulinganisha na msimu uliopita hakufai. Masika si vuli, na hata masika mbili hazifanani. Kulinganisha na shamba la jirani hakufai pia: jirani ana udongo wake na mkono wake. Unahitaji matuta yaliyosiwa siku moja, kwa mbegu za pakiti moja, na mtu mmoja, yakapata kila kitu sawasawa isipokuwa kile unachokipima.

Kosa la kawaida ni kuyaacha matuta ya kulinganishia bila chochote. Mchanganyiko wa mkojo una maji mengi kuliko mkojo. Tuta lililomwagiwa lita 2 katika wiki kavu limepata mkojo na limepata maji pia. Likistawi, kipi kimelistawisha? Ndiyo maana matuta ya kulinganishia yanapata lita 2 za maji matupu, kwa kopo la ukubwa uleule, saa ileile. Kama unatia samadi ya msingi, yatie yote kiasi kilekile, kutoka lundo moja lililochanganywa vizuri.

Mtu atakuambia uongeze na majivu, na mboji, na mbolea ya dukani, "ili upime vyote kwa mkupuo". Kataa kwa upole. Kila unachoongeza kinataka matuta yake.

Hatua ya 3: Amua utapima nini, kwa namna gani

Kuna kisa cha nyumbani kinachofaa hapa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanga, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingizwa kwenye friza ukiwa wa moto umeganda kabla ya ule uliopozwa. Alichekwa, hakuacha kuuliza, na mwaka 1969 alichapisha makala pamoja na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kisa hicho husimuliwa kama cha ushupavu, na ni kweli. Ila kina upande wa pili usiosimuliwa sana. Mpaka leo wanasayansi wanabishana juu yake, na sehemu ya ubishi ni swali dogo: kuganda ni lini? Barafu ya kwanza inapoonekana, maji yanapofika nyuzi 0, au tone la mwisho linapokuwa gumu? Mwaka 2016 watafiti wawili, Burridge na Linden, walirudia vipimo kwa uangalifu na hawakuona ushahidi wa maana wa jambo hilo. Walionyesha kwamba kusogeza kipimajoto hata kwa sentimita 1 kunaweza kubadilisha hitimisho.

Kwa mchicha, "uzito" nao si neno dogo. Uking'oa na mizizi, unapima na udongo. Ukivuna asubuhi na umande, unapima na maji. Andika hivi kabla: mchicha utakatwa usawa wa ardhi, baada ya umande kukauka, na utapimwa papo hapo kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Andika pia kwamba utaacha mistari ya pembeni na kupima ya ndani tu, au kwamba utapima yote. Lolote utakalochagua sawa, mradi ulichague leo.

Urefu wa mmea na rangi ya majani acha. Rangi hasa ni mtego: jicho linalotaka kuona kijani kilichokolea litakiona.

Hatua ya 4: Panga matuta kwa jozi

Hii ndiyo hatua ambayo watu wa mlimani wanapaswa kuikalia kuliko wa tambarare, kwa sababu kihamba hakina sehemu mbili zinazofanana. Juu udongo umechukuliwa na maji, chini umerundikana. Upande mmoja kuna kivuli cha migomba, mwingine kuna zizi na vijimfereji vyake vya rutuba. Ukiweka matuta yote ya mkojo chini na yote ya maji juu, umepima mteremko, hukupima mkojo.

Dawa yake ni jozi. Tengeneza matuta 12 ya mita 1 kwa mita 1, yakae mawilimawili katika jozi 6. Matuta ya jozi moja yawe jirani kabisa, udongo mmoja, kivuli kimoja. Jozi na jozi zinaweza kutofautiana zitakavyo: moja chini ya migomba, nyingine juani, moja karibu na zizi. Haidhuru, kwa kuwa utalinganisha ndani ya jozi tu.

Jambo moja ambalo michoro ya vitabuni hailionyeshi: matuta ya jozi yakae ubavu kwa ubavu kufuata kontua (mstari wa usawa mmoja kwenye mteremko), yasikae moja juu ya jingine. Ukimwaga mkojo tuta la juu, mvua ya usiku itauteremsha mpaka tuta la chini, nalo litapata mbolea ambayo daftari lako linasema halikupata. Acha nusu mita kati ya matuta na chimba kijifereji chembamba katikati.

Kwa nini 6? Kwa sababu ya hesabu ya mwisho, tutaifikia. Kwa jozi 3 hata ushindi mtupu wa 3 kwa 3 hutokea kwa bahati mara 1 kati ya 8, na hapo hujajua kitu. Jozi 8 ni nzuri zaidi kama una nafasi.

Hatua ya 5: Rusha sarafu

Ndani ya kila jozi, tuta lipi lipate mkojo? Usichague wewe. Hata mtu mwaminifu mkono wake huvutwa kuelekea tuta zuri. Wala usifanye "kushoto mkojo, kulia maji" mpaka mwisho, maana huenda kushoto kote kunapata jua la asubuhi. Chukua sarafu ya shilingi 100. Ikiangukia upande wa sura ya Nyerere, tuta la kushoto linapata mkojo. Ikiangukia upande wa wanyama, la kulia. Rusha mara moja kwa kila jozi, andika, usirudie. Ukipata kushoto mara tano mfululizo, iache hivyohivyo. Hamu ya "kurekebisha" bahati ndiyo hasa tunayoikimbia.

Mbinu hii ya kugawa kwa bahati ilijengwa hasa na Ronald Fisher, mwanatakwimu Mwingereza aliyeanza kazi mwaka 1919 kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted. Sarafu inafanya kazi mbili. Inazuia upendeleo, na inakupa msingi wa kupiga hesabu: kama mkojo haufanyi chochote, tofauti utakayoiona ndani ya jozi imepewa alama ya kujumlisha au ya kutoa na sarafu peke yake.

Hatua ya 6: Daftari na sheria za mchezo

Nunua daftari la kurasa 40, uandike kwa kalamu ya wino. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke. Ukurasa wa kwanza: nadharia tete, ramani ya matuta, matokeo ya sarafu, tarehe ya kuvuna, na hesabu utakayotumia. Mtu mwingine asaini chini na aweke tarehe.

Ukurasa wa pili ni wa mabaya yatakayotokea. Kuku wataingia. Mbuzi atakata kamba. Andika sasa: tuta likiharibiwa, jozi nzima inatoka, na uamuzi huo unafanywa siku uharibifu unapoonekana. Usipoandika, siku ya mizani utakumbuka ghafla kwamba kuku walipita pale ambapo mkojo umeshindwa, na utasahau kwamba walipita pengine pia.

Sheria nyingine: hakuna kuvuna mapema kwa sababu mkojo "unaonekana unaongoza", na hakuna kuongeza wiki kwa sababu uko nyuma. Anayechungulia matokeo kila siku na kusimama anapopendezwa atapata ushindi hata pasipo na kitu. Kati ya makosa yote ya majaribio, hili naliona baya kuliko mengine, kwa kuwa anayelifanya hajioni kama anadanganya.

Na usalama: mwaga kwenye udongo, si kwenye majani, acha siku 7 kati ya mmwago wa mwisho na kuvuna, na osha mboga vizuri.

Hatua ya 7: Mfiche mpimaji

Mkojo una harufu, kwa hiyo anayemwagilia atajua anamwaga nini, hilo halikwepeki. Ila anayekata na kupima si lazima ajue. Yapige matuta namba 1 hadi 12 kwa vijiti, ramani ya sarafu ibaki ndani ya nyumba, na siku ya 30 mwite ndugu au jirani asiyefuatilia. Yeye akate, aweke kwenye kikapu kilekile kila mara, asome mizani kwa sauti. Wewe uandike namba ya tuta na gramu. Maliza jozi moja kabla ya kwenda nyingine, ili jua la mchana lisikaushe upande mmoja zaidi. Ramani ifunguliwe namba zote zikishaandikwa.

Hatua ya 8: Bahati ingeweza kufanya hivi?

Kabla ya namba za mchicha, fanya zoezi la kahawa. Kuna mtu nyumbani anayeapa kwamba anaitambua kahawa iliyotwangwa kwenye kinu na iliyosagwa kwa mashine. Pika zote mbili kwa kipimo kimoja, mimina vikombe 8 vinavyofanana, 4 vya kila aina, uvipange kwa bahati bila yeye kuona. Mwambie kuna 4 na 4, naye achague vile 4 vya kinu. Kuna njia 70 za kuchagua vikombe 4 kati ya 8, na moja tu ndiyo sahihi kabisa. Akibahatisha tu, atapata vyote mara 1 kati ya 70, na ukipata hilo, mwamini. Lakini akikosea kimoja, usimpe taji: njia za kupata 3 au zaidi ni 17 kati ya 70, karibu robo. Fisher alilieleza jaribio la namna hii mwaka 1935, kwa chai na maziwa.

Sasa shamba. Tuseme mizani imetoa hivi (nimezitunga namba ili hesabu ifuatike): jozi ya 1, mkojo gramu 1,240 na maji 1,010. Jozi ya 2, 1,130 na 1,060. Jozi ya 3, 1,300 na 1,090. Jozi ya 4, 980 na 1,020. Jozi ya 5, 1,150 na 930. Jozi ya 6, 1,060 na 910. Tofauti ni +230, +70, +210, −40, +220, +150. Jumla 840, wastani gramu 140 kwa tuta.

Mkojo umeshinda mara 5 kati ya 6. Je, ni nyingi? Sarafu 6 zinaweza kuanguka kwa njia 64 (2 mara 2, mara 2, mpaka sita). Njia 1 inatoa 6 kwa 6, na njia 6 zinatoa 5 kwa 1. Bahati tupu, basi, ingekupa ushindi wa 5 au zaidi mara 7 kati ya 64, karibu asilimia 11. Si kitu cha kukimbilia nacho sokoni.

Lakini kuhesabu ushindi peke yake kunapoteza habari: jozi moja iliyoshindwa imeshindwa kwa gramu 40 tu, na tatu kati ya zilizoshinda zimeshinda kwa mia mbili na zaidi. Njia kali zaidi ni hii. Chukua tofauti bila alama: 230, 70, 210, 40, 220, 150. Jumla yake 920. Kama mkojo hauna kazi, kila moja ingeweza kuwa ya kujumlisha au ya kutoa, kwa kadiri ya sarafu. Kati ya njia 64, ngapi zinatoa 840 au zaidi? Kila tofauti unayoigeuza kuwa ya kutoa inapunguza jumla mara mbili yake. Usipogeuza yoyote, 920. Ukigeuza 40, 840. Ukigeuza 70, 780, tayari iko chini. Zilizobaki zote ziko chini zaidi. Njia 2 kati ya 64: karibu asilimia 3. Umeifanya kwa penseli, bila kompyuta, na ni hesabu ambayo mtaalamu wa takwimu hataicheka.

Tahadhari mbili. Asilimia 3 maana yake ni kwamba, kama mkojo haufanyi kitu, matokeo makubwa hivi yangetokea mara chache kiasi hicho. Haimaanishi kuna uhakika wa asilimia 97 kwamba mkojo unafanya kazi, ingawa hata wasomi huteleza hapo. Na kama swali lako lilikuwa "kuna tofauti yoyote, juu au chini?", zidisha mara mbili: 4 kati ya 64, kiasi cha asilimia 6. Mstari wa asilimia 5 unaotajwa sana ni desturi ya watu. Kilicho muhimu ni kwamba hesabu ya kutumia iwe iliandikwa ukurasa wa kwanza, si kuchaguliwa sasa baada ya kuona ipi inapendeza.

Hatua ya 9: Jibu linafika wapi

Kwa namba hizo ungeweza kusema: kwenye shamba hili, msimu huu, mchanganyiko huu ulizidi maji. Huwezi kusema kwamba sungura ana siri yoyote. Huenda ni naitrojeni tu, na mkojo wa ng'ombe ungefanya vivyo hivyo bure. Huo ni mfongo mwingine, unaofungwa kwa jaribio lingine: mkojo wa sungura dhidi ya wa ng'ombe, jozi 6, sarafu ileile.

Halafu kuna fedha. Kila tuta lilipata lita 6 za mchanganyiko, yaani kama nusu lita na kidogo ya mkojo. Matuta 100 yanataka takriban lita 55 za mkojo, na yanakuongezea kilo 14 za mchicha. Weka bei ya dumu upande mmoja na bei ya mafungu upande wa pili. Tofauti inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isikulipe.

Pale usipoweza kujaribu

Kuna maswali ambayo jaribio haliruhusiwi. Kuzunguka Mlima Meru na baadhi ya maeneo ya Hai, watu wengi wana meno ya kahawia. Huwezi kurusha sarafu kuamua mtoto yupi anywe maji yenye floraidi, madini yanayotia meno madoa hayo. Hapo unatafuta tofauti ambazo maisha yameshazipanga, ukizipima kwa ile mantiki iliyokaza. Wanaosema "ni kutopiga mswaki" waulizwe: kama ni mswaki, mtu mzima aliyehamia hapo na hapigi mswaki meno yake yangegeuka vilevile. Hayageuki, kwa kuwa madoa hayo huingia jino likiwa bado linajengwa, utotoni. Daktari wa meno Frederick McKay aliliona jambo hilihili huko Colorado Springs, Marekani, alikoanza kazi mwaka 1901, na miaka 30 ikapita kabla mkemia Churchill hajaipata floraidi ndani ya maji, mwaka 1931. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwetu kuna ugumu zaidi: magadi ya kupikia nayo yanaweza kuwa na floraidi, kwa hiyo nyumba mbili zinazochota bomba moja zinaweza zisilingane. Anayelinganisha vijiji bila kuuliza jikoni kunapikwaje atahesabu vibaya.

Ushuhuda ndio ushahidi dhaifu kuliko wote, hata ukiwa mwingi. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Zilisikika shuhuda nyingi za kupona. Swali la kujiuliza halihusu uaminifu wa waliozitoa. Ni wangapi walikunywa na hawakupona, na hao wangeshuhudia wapi? Aliyezidiwa hapandi jukwaani, na magonjwa mengi hupanda na kushuka yenyewe, huku mtu akitafuta dawa siku yakiwa yamepanda. Bila kundi la kulinganishia, foleni ndefu na foleni fupi zinakuambia kitu kilekile.

Ukimaliza

Rudia vuli, matuta mapya, sarafu mpya, na matokeo ya mara ya kwanza yasifutwe hata yakigongana na ya pili. Kikundi cha watu sita kinaweza kugawana: kila mtu jozi mbili kwenye kihamba chake, na hapo unapata jozi 12 zinazobeba tofauti za kweli za mlima, kuanzia kwenye migomba minene ya juu hadi udongo mkavu wa chini. Jozi zote ziingie kwenye hesabu, pamoja na za yule ambaye mchicha wake umeaibisha kikundi. Ukienda kwa afisa ugani wa kata, au ukirudi kwa muuzaji wa madumu, beba daftari lenyewe na ramani ya sarafu. Mwombe naye akuonyeshe lake.